Nani Alikuwa Anawasha Mashine Jumapili?

Jumatatu ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya.

Jumatatu ya pili nilidhani mashine imeharibika.

Jumatatu ya tatu Mama Pacha, anayefunga mizigo pale kwetu, alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hii karakana ina mwenyewe." Mimi siku zote huwacheka watu wanaoogopa majini. Siku hiyo sikucheka.

Mashine ilikuwa inafanya kazi Jumapili, na Jumapili karakana inafungwa.

Ngojeni niwaeleze vizuri. Mimi si mwandishi, na hili jambo nimekaa nalo kifuani muda mrefu mpaka limeanza kunikaba. Nikirukaruka mnivumilie.

Karakana ni ya baba yangu. Ilikuwa inatengeneza springi za viti vya gari. Kama umewahi kupanda gari lililoundwa kwenye kile kiwanda kikubwa cha mjini kwetu, basi umekalia kazi ya baba yangu na hukumwambia hata asante.

Kwa miaka thelathini na moja mzigo wetu uliingia getini kiwandani saa moja kamili asubuhi. Saa moja na dakika tano ilikuwa ni kuchelewa. Kile kiwanda hakikuweka akiba: springi za leo ziliingia kwenye viti vya leo, na ukichelewa, watu mia tatu wanasimama mikono kiunoni wanakusubiri wewe.

Baba hakuwahi kuchelewa. Siku mama alipofariki, mzigo ulifika saa moja kasoro dakika kumi, kisha ndipo akarudi nyumbani kulia.

Kitu alichokiogopa kuliko kuchelewa ni kurudishiwa. Springi moja ikiwa na kasoro, boksi zima lilirudi na karatasi ya sababu. Kwa miaka yote hiyo tulirudishiwa mara mbili tu. Mara ya pili baba hakula siku mbili, na maboksi yale aliyafunika turubai ili asiyaone akipita.

Halafu kiwanda kikafungwa.

Walituita Jumatano, wenye karakana wote, tukasimama kwenye ukumbi wao wa kulia chakula. Bwana mmoja aliyevaa tai akasema magari ya kutoka nje ni rahisi zaidi, wanashukuru kwa ushirikiano, na mwisho ni mwisho wa mwezi. Dakika kumi na mbili. Niliangalia saa.

Tulipofika karakana, baba alichukua ufagio akaanza kufagia mahali ambapo palikuwa pasafi.

Sasa hapo serikali ikaja na mpango. Sitaki kuusema vibaya, maana ulituokoa. Walisema: nyinyi mliokuwa mnatengeneza vipuri, msife na kiwanda. Tafuteni bidhaa nyingine, sisi tutawapa mashine mpya na mafunzo. Wa vioo akaenda kwenye madirisha. Wa mabomba ya moshi akaenda kwenye matangi ya maji. Sisi tukaomba vitanda vya hospitali, kwa sababu hata mgonjwa anahitaji springi.

Tukakubaliwa. Mashine ikaja imefungwa kwenye mbao, inang'aa mpaka wafanyakazi wakavua kofia.

Masharti yalikuwa matatu, na mimi ndiye niliyeyasoma.

Mashine ni ya serikali kwa miaka miwili. Mkimaliza miaka miwili bila kuvunja masharti, inakuwa yenu.

Mashine isitengeneze kipuri chochote cha gari. Na ile ya zamani muitoe, ichukuliwe, ili msirudi nyuma.

La tatu, lazima kuwe na fundi mkuu mwenye cheti, aliye kazini na mwenye afya ya kuifanya hiyo kazi. Kwetu mwenye cheti alikuwa mmoja tu. Baba.

Pale ndani tulikuwa watu tisa ukiniondoa mimi na baba. Wote walikuwa wanaishi kwa ile mashine.

Mashine ina namba ndogo pembeni inayohesabu kila springi inayotoka. Miezi ya mwanzo walitaka jumla ya mwezi tu, ndipo wakaniambia niisome kila Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, niandike kwenye fomu, fomu iende ofisi ya mpango. Mimi ni mtu wa kunyoosha mambo. Nikiambiwa andika, naandika.

Ijumaa namba inasema hivi. Jumatatu, kabla mtu hajagusa kitu, imeongezeka mia mbili arobaini.

Wiki iliyofuata, mia mbili arobaini tena. Na iliyofuata.

Nikaandika zote kwenye fomu. Ndiyo, msinicheke.

Afisa wa mpango akaja. Dada mpole, mwenye miwani, viatu vyake havishiki vumbi hata akizunguka karakana nzima. Akakaa, akafungua faili.

"Dada, hapa kuna springi mia saba na ishirini ambazo hazina mwenyewe. Zimetengenezwa, hospitali hazijafika. Ziko wapi?"

"Sijui."

"Sijui siwezi kuiandika kwenye ripoti."

"Hata mimi nashangaa."

Akafunga faili taratibu. "Nyuma yenu kuna karakana kumi na nne zinasubiri mashine kama hii. Nakupa siku saba. Uniletee jibu au nilete lori."

Alivyoondoka, nilikaa nikaanza kupiga hesabu ya funguo. Funguo za karakana ziko tatu. Moja ninayo mimi. Moja anayo baba. Moja anayo Kipara.

Baba nilimtoa kabla hata sijaanza kuhesabu.

Kipara ni fundi wetu wa siku nyingi. Miaka ishirini na sita na baba. Jina hilo alipewa akiwa na nywele nyingi, kwa utani, na nywele zikasikia zikaondoka kweli. Mimi namwita mjomba ingawa hatuna damu moja. Ndiye aliyenifundisha kuendesha pikapu, na ndiye aliyemdanganya baba kwamba mlango wa pikapu niliougonga ulibondwa na ng'ombe.

Lakini nilipoanza kumfikiria, kila kitu kikawa ushahidi. Jumatatu asubuhi Kipara huwa anatoka na baba kwa pikapu. Kipara anasema wanapeleka sampuli hospitali. Sampuli gani kila Jumatatu? Na jioni huchukua pikapu peke yake, anasema anakwenda kuweka mafuta. Mafuta gani ya saa nzima?

Alhamisi mchana, Kipara akiwa kazini, nikaenda nyumbani kwake.

Mkewe alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji. Chumba chao cha mbele ni kidogo, na nyuma ya kochi kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka la maua. Kirefu, kimepangwa, kinafika dirishani.

"Shangazi, hiki ni nini?"

Akaangalia chini. "Mimi nimeambiwa nisiguse. Muulize mwenyewe akirudi."

Nikainua shuka. Maboksi yetu. Nikafungua moja. Ndani, springi za viti vya gari, zimepangwa mistari sita kwa sita, waya wa zamani uliobaki stoo, zinanukia mafuta mapya.

Sikunywa yale maji.

Sasa hapa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Ijumaa asubuhi, kabla kazi haijaanza, wote wakiwa wamesimama kwa ajili ya kugawiwa kazi, nilimwita Kipara mbele. Mbele ya watu tisa, hesabuni na yeye mwenyewe. Mbele ya baba, aliyekuwa amekaa kwenye stuli yake anafuta waya kwa kitambaa.

"Mjomba. Wewe ndiye unayewasha mashine Jumapili?"

Kipara aliniangalia. Kisha akamwangalia baba, akamwangalia kwa muda mrefu. Baba alikuwa ameacha kufuta waya.

"Ndiyo," akasema Kipara. "Ni mimi."

"Unatengeneza springi za gari kwa mashine ya serikali, unazificha kwako, ukauze mitaani?"

Akavuta pumzi. "Andika hivyo."

Nilichukia. Niliona anajibu kwa kiburi. Andika hivyo, kama vile ananituma.

"Kwa hiyo wewe ni mwizi."

"Nimesema andika hivyo, mama. Ofisi wanataka jibu. Wape."

Baba akasimama. "Kipara? Wewe? Mimi nikupe funguo zangu miaka yote hii, uniibie?"

Baba akaanza kulia, mzee mzima, mbele ya watu wake, na mimi nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilijiona nimesema neno la maana sana.

Kipara akavua ovaroli. Akaikunja vizuri, akaweka funguo juu yake, akaiacha kwenye benchi. Akapita katikati yetu kuelekea mlangoni. Alipompita Mama Pacha, Mama Pacha alivuta mkoba wake karibu na miguu.

Aliuona ule mkoba ukivutwa. Nilimwona akiuona.

Barua ikaenda ofisini siku hiyohiyo: mhusika amepatikana, amekiri, amefukuzwa. Afisa akaridhika. Akaandika jina la Kipara kwenye faili, na nakala ikatumwa kwa karakana zote zilizo kwenye mpango ili wasimwajiri mtu huyo. Mjini kwetu, karakana zote ziko kwenye mpango.

Nililala vizuri mwisho wa wiki ule. Mashine imebaki, watu wana kazi, mwizi ameondoka. Nikajiona jembe.

Jumatatu asubuhi nikaenda kusoma namba.

Imeongezeka mia mbili arobaini.

Nilisoma tena. Nikaifuta kwa kidole nikasoma tena.

Nje nikasikia honi ya pikapu. Nikatoka. Baba alikuwa amekaa kiti cha abiria, amevaa ovaroli safi, kofia, amechana ndevu. Nyuma kuna maboksi manne yamefungwa kamba.

"Kipara yuko wapi?" akaniuliza. "Anatuchelewesha. Mzigo ni wa saa moja."

"Mzigo gani, baba?"

Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mjinga. "Wa kiwandani. Endesha wewe basi. Twende, mama, saa inakwenda."

Sijui kwa nini sikubisha. Nadhani mwili ulishajua kabla ya kichwa. Nikawasha gari.

Mia mbili arobaini. Ndiyo ilikuwa oda ya kiwanda ya kila siku, tangu mimi nasoma shule ya msingi. Niliiandika kwenye fomu wiki tatu na haikuniambia kitu.

Kiwandani getini nyasi zimeota kati ya mawe. Bango limetolewa, umebaki ukuta wenye matundu ya skrubu. Nilisimamisha gari. Baba akashuka, akanyoosha ovaroli, akagonga geti mara mbili.

Mlinzi mzee akatoka na daftari kwapani. Alikuwa amebakizwa pale kulinda majengo matupu. Akapiga saluti.

"Mzee, karibu. Saa moja kasoro tano. Wewe hubadiliki."

"Mia mbili arobaini," baba akasema. "Hesabu."

Yule mlinzi akahesabu maboksi, kwa utaratibu, akaandika, akampa baba karatasi. Baba akaisoma, akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa kifuani. Alinyooka mgongo. Nilikuwa sijamwona na uso ule tangu siku ya lile tangazo.

Alipokwenda kukaa garini, mlinzi akanigeukia.

"Wewe ndiye binti? Kipara anaumwa?"

"Mimi ndiye," nikasema. "Kipara hayupo."

"Basi ujue utaratibu. Maboksi yaache hapa, jioni uje uyafuate. Usiyarudishe karakana. Mzee akiyaona pale atajua yamerudishwa. Mara moja Kipara alikosea akayarudisha, mzee alilia siku nzima, akasema kazi yake imekuwa mbaya. Ndiyo maana sasa anayaweka kwake."

"Hii imeanza lini?"

"Miezi miwili, mitatu." Akashusha sauti. "Kichwa cha mzee kimechoka, binti yangu. Wewe unakaa naye, hukuona?"

Niliona. Niliona akiniita jina la mama, nikadhani ni kumkumbuka. Niliona akiniuliza kama mzigo umeondoka, nikadhani ni utani. Niliona akitoka Jumapili asubuhi, nikadhani anakwenda kutembea. Niliona kila kitu na kila kitu nikakipa jina la huzuni, kwa sababu huzuni nilikuwa nayo hata mimi.

Nilimrudisha baba, nikageuza gari mpaka kwa Kipara.

Alikuwa nje, amekaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, anaziba tundu kwenye sufuria ya jirani. Nilipiga magoti kwenye vumbi. Sikupanga, yalijipiga.

"Inuka," akasema. "Watu wanaangalia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Uliniuliza mbele ya karakana nzima, mzee amekaa pale. Niseme nini? Kwamba si mimi, ni mwenye karakana, hajui leo ni lini? Niseme mbele yake?"

"Ungeniambia kabla."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Kabla nilisema huenda atapata nafuu. Tena wewe unaandika kila kitu. Ningekuambia, ungeandika. Fundi mkuu ni mgonjwa. Kesho yake lori liko mlangoni."

Alikuwa anasema kweli. Ningeandika.

"Jumapili ya kwanza nilipita nikasikia mashine," akaendelea. "Nikachungulia. Anasokota springi za gari, anaimba. Ile mashine ya zamani waliichukua, sasa angeshika nini? Nikamwambia, mzee, kiwanda kimefungwa. Akalia kama ndiyo anasikia leo. Jumapili iliyofuata nikamwambia tena, akalia tena vilevile. Mara ya tatu nikasema, huyu mtu nimfungie kiwanda mara ngapi? Nikabeba maboksi."

Nikamwambia nakwenda ofisini sasa hivi kulisafisha jina lake.

Akaweka sufuria chini.

"Ukinisafisha mimi, unamchafua nani? Mashine ikiondoka, Mama Pacha anakwenda wapi na wale watoto? Yule wa kuchomelea ana mke mjamzito. Fundi akiiba, anafukuzwa fundi. Mwenye cheti akiugua, inaondoka karakana. Umesoma mwenyewe hayo masharti." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Niache na uchafu wangu. Mimi ni fundi, grisi nimeizoea."

"Mjomba, siwezi."

"Utaweza. Mwaka mmoja na miezi mitano. Ikiwa yenu, njoo useme unachotaka."

Nikakubali. Zile mia mbili arobaini za Jumatatu ile nikazichanganya kwenye fomu na za vitanda.

Hapa ndipo mnihukumu, jamani. Lile kosa la Ijumaa nililifanya kwa kutojua. Hili nililifanya najua, macho yamefunguka, na nililirudia kila siku kwa mwaka mmoja na miezi mitano.

Nilimtafutia baba kifaa cha kusokotea kwa mkono, nikakiweka chumbani kwake, ili asiiguse ile mashine tena. Jumatatu nilimpeleka getini. Jioni niliyafuata maboksi nikayaweka chumbani kwangu, nyuma ya kochi langu, ambako baba haingii.

Baba aliendelea kusaini makaratasi ya fundi mkuu, mkono wake ukiwa bado mzuri. Kazi yenyewe tuliifanya sisi tuliobaki, kama Kipara alivyotufundisha. Vitanda vikatoka. Hospitali zikasifu.

Kipara akawa mtu wa kuziba sufuria na kurekebisha baiskeli kando ya barabara. Mkewe aliacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama. Hakuna aliyemfukuza, ila kila akiingia mazungumzo yalikatika. Nilimpelekea chakula, akapokea mara mbili, mara ya tatu akaniambia nisije tena, majirani wataanza kujiuliza kwa nini aliyeibiwa anamlisha mwizi.

Na baba akawa anasahau.

Alisahau mama amefariki, akawa ananiuliza mbona anachelewa sokoni. Akasahau nyumba yake iko upande gani. Jina langu likaondoka, nikawa dada yake, nikawa nesi, nikawa "wewe mama". Kila kitu kilikuwa kinamtoka kama maji kwenye kikapu.

Kasoro kimoja.

"Kipara aliniibia," alikuwa anasema, akiwa anakula, akiwa anaoga, akiwa amekaa tu kwenye jua. "Nilimpa funguo zangu."

"Hakuiba, baba. Ni mimi niliyekosea."

"Nilikuwepo. Alikiri kwa mdomo wake."

Nilimweleza mara mia. Mara nyingine alinielewa, akanyamaza, nikadhani nimefika. Baada ya saa moja anaanza upya. Ya kweli hayakukaa. Uongo wangu ndio uliokaa.

Mwezi uliopita barua ikaja. Miaka miwili imetimia, mashine ni mali yetu, hongereni.

Siku hiyohiyo nilisimamisha kazi. Nikawaita wote, nikawasimulia kama ninavyowasimulia nyinyi, sikuficha hata lile la kukubali kunyamaza. Barua ya kumsafisha nilikuwa nimeshaipeleka ofisini asubuhi, na nakala kwa karakana zote. Mama Pacha alikaa chini sakafuni. "Mimi nilivuta mkoba," akawa anasema. "Mimi nilivuta mkoba."

Tukaenda kumchukua kwa pikapu, nusu ya watu nyuma. Kipara alikataa kwanza. Mkewe ndiye aliyemtolea shati lililopigwa pasi, akamwambia, "Nenda. Mimi nataka wakuone unaingia."

Akaingia. Watu walipiga makofi, wengine wanalia, yule wa kuchomelea akambeba juujuu. Kipara alikuwa anacheka, anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Baba alikuwa kwenye stuli yake. Akasimama.

Makofi yakaisha.

"Wewe," akasema. "Wewe uliniibia."

Nikaruka. "Baba, nimeshakuambia, huyu hakuiba, huyu ndiye aliye..."

Kipara akanishika bega, akanisogeza pembeni, polepole. Akaenda mpaka mbele ya baba. Akavua kofia.

"Ni kweli, mzee," akasema. "Nilikosea. Nimekuja kuomba msamaha."

Baba alimtazama. Kisha akanyoosha mkono, akamgusa kile kipara, kama baba anavyomgusa mtoto.

"Nimekusamehe," akasema. "Usirudie. Vaa ovaroli, tuna mzigo."

"Sawa, mzee. Asante."

Akaomba msamaha kwa wizi ambao hakuufanya, kwa mtu ambaye yeye ndiye aliyemwokoa, na akashukuru. Nilitoka nje. Sikuweza kusimama mle ndani.

Mngedhani imeishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Kesho yake asubuhi Kipara alipoingia kazini, baba aliinuka kutoka kwenye stuli. "Wewe uliniibia."

Alikuwa amesahau kuwa amesamehe.

Kipara akavua kofia, akaenda, akaomba msamaha upya. Na keshokutwa yake. Na leo pia. Kuna siku baba anamsamehe, kuna siku anageuza uso ukutani hataki kumwona, na siku hiyo Kipara anafanya kazi kimya mpaka jioni. Nimemwambia apitie mlango wa nyuma ili wasionane. Amekataa. Anasema mzee huwa analala vizuri siku aliyomsamehe mtu.

Somo langu ni dogo. Ukimshuku mtu, muulize. Lakini mvute pembeni kwanza, mkae wawili, umpe nafasi ya kukuambia lile ambalo hawezi kulisema mbele za watu. Kipara angeniambia, amenithibitishia mwenyewe; aliogopa kuanza yeye, si kuulizwa. Dakika tano tu nyuma ya karakana. Sikumpa hizo dakika, na sasa nasikia kila asubuhi, saa moja kasoro, mwanamume mwema akiomba msamaha kwa neno nililolisema mimi.